Kamusi Elezo Haina Mwandishi Nungwi

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Siku za mwanzo, habari iliyozunguka dunia nzima ilitaja watu wapatao 200 waliokufa, kwa sababu hizo ndizo maiti zilizokwisha kutolewa baharini na kuhesabiwa. Januari 2012 tume ya uchunguzi iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatoa hesabu nyingine: maiti 203 zilizopatikana, na watu 1,370 ambao hawakuonekana tena. Jumla yake ni 1,573. Leo anayeitafuta ajali ile kwenye simu yake atazikuta namba zote hizo, nyingine kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, nyingine kwenye programu zinazokusanya habari kutoka kila pembe na kuzipanga mbele ya msomaji kwa sekunde chache. Lakini kamusi elezo haikuwa na mtu ufukweni Nungwi asubuhi ile. Programu ya kukusanya habari haikuwa na mtu viwanja vya Maisara, maiti zilikopelekwa zitambuliwe na jamaa zao, wala haikumtuma mtu akaisome ripoti ya tume. Waliokwenda huko ni waandishi wa habari, wengi wao wakiwa Wazanzibari wanaolipwa kidogo, na kila kinachojulikana duniani juu ya msiba ule kimepita mikononi mwao au katika karatasi za tume waliyoifuatilia.

Nalianza jambo hili kwa msiba kwa sababu mjadala kuhusu mitandao na magazeti huzungumzwa aghalabu kama mjadala wa fedha: nani kachukua kazi ya nani, nani alipwe. Swali hilo lina uzito wake, nami nitalifikia. Kwa Unguja, hata hivyo, lipo lililo zito zaidi. Kamusi elezo na programu za kukusanya habari hazina macho yake zenyewe. Zinaona pale tu mwandishi aliposimama, na pale asiposimama mtu hazioni kitu, au zinaona kwa jicho la mgeni. Kwa hiyo anayeudhika kwamba mtandao haukijui kisiwa chetu, au unakijua vibaya, asiishie kuulaumu mtandao. Aangalie nyuma zaidi, kwenye habari zenyewe: ziliandikwa na nani, na zikishaandikwa huwekwa wapi.

Tutazame kwanza namna vyombo hivi vinavyofanya kazi, kwani watu wengi wanavitumia kila siku bila kuvijua ndani. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Inaandikwa na watu wanaojitolea, na yeyote anaweza kuhariri, lakini uhuru huo una mipaka mikali. Mhariri haruhusiwi kuandika alichokiona kwa macho yake wala alichokitafiti mwenyewe. Kila dai zito linatakiwa liwe na tanbihi inayomwelekeza msomaji kwenye chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Na mtu, mji au tukio halistahili ukurasa wake mpaka liwe limeandikwa kwa kirefu na vyanzo vilivyo huru nalo. Ukizisoma kanuni hizo kwa makini utaona kwamba kamusi elezo imejifunga yenyewe kwa magazeti, vitabu na majarida. Hata ina mazoea ya kuyapima: Februari 2017 wahariri wa toleo la Kiingereza waliamua kwamba gazeti la Uingereza la Daily Mail lisitumike kwa kawaida kama chanzo, kwa kuwa haliaminiki. Inaweza basi kulikataa gazeti, lakini haiwezi kuishi bila magazeti.

Programu za kukusanya habari zina njia nyepesi zaidi. Google News, iliyoanza mwaka 2002, na Opera News, ambayo imeenea Afrika kwenye simu za bei nafuu, huchukua vichwa vya habari kutoka kwa wachapishaji wengi na kuvipanga kwa hesabu za kompyuta kufuatana na anachopenda msomaji. Sisi Tanzania tulikuwa na mkusanyaji wetu kabla ya hapo: kipindi cha asubuhi cha redio ambacho mtangazaji hufungua magazeti ya siku na kuwasomea wasikilizaji. Jambo hilo limewahi kuwatia wachapishaji hofu kiasi kwamba Serikali ya Muungano ilivielekeza vituo visome vichwa vya habari tu, anayetaka undani akanunue gazeti. Ndoo hizi zote, ya redio, ya simu na ya kamusi elezo, zinashuka katika kisima kimoja, na kisima hicho ni mtu aliyetoka nyumbani kwake akaenda kuuliza.

Kwamba usahihi wa kinachojulikana unafuata mahali aliposimama mwandishi, historia ya Unguja inalionyesha kwa namna inayouma. Chukua matukio mawili. Tarehe 27 Agosti 1896, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, manowari za Uingereza zililipiga kwa mizinga jumba la Sultani pale Mji Mkongwe, kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa amejitwalia kiti cha enzi baada ya kifo cha Sayyid Hamad bin Thuwaini siku mbili kabla. Sayyid Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Kila kamusi elezo inaieleza vita hiyo kuwa fupi kuliko zote zilizoandikwa, na vyanzo vinatofautiana kwa dakika tu: vingine vinasema 38, vingine 40, vingine 45. Meli ya Sultani iliyozama, HHS Glasgow, inajulikana kwa jina. Inajulikana pia kwamba upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Lakini upande wa Unguja husemwa tu kwamba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Dakika zimehesabiwa moja moja, baharia wa kigeni kahesabiwa, meli imetajwa, na watu wa kisiwa wamewekwa katika fungu moja la namba ya duara. Si kwamba mtu alikaa chini akaamua kuwadharau miaka hii ya mtandao. Ni kwamba walioandika siku ile walikuwa na saa mkononi na daftari la manowari mbele yao, na hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba Malindi au Ng'ambo kuuliza nani hakurudi. Miaka mia na zaidi baadaye kamusi elezo inarithi mahali walipokuwa wamesimama, pamoja na upofu wao.

Tukio la pili ni Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Hapa pengo haliko katika dakika. Makadirio ya waliouawa yanaanzia mamia kadhaa na kufika 20,000, na kurasa za mtandaoni zinayapanga makadirio hayo yote bila kuweza kuyapunguza. Namba zinapotawanyika kiasi hicho, maana yake ni kwamba hakukuwa na taarifa. Kabla ya 1964 Unguja ilikuwa kisiwa cha magazeti: Mwongozi lililoanza mwaka 1942, Afrika Kwetu, Al-Falaq, Samachar la Kigujarati, Zanzibar Voice, na mengine yaliyopigana kwa kalamu wiki hadi wiki. Yalikuwa na upande, mengine kwa ukali wa kutisha, lakini msomaji aliweza kuliweka moja karibu na jingine na kupima. Baada ya Mapinduzi sauti hizo zilizimika, na ikabaki ya serikali peke yake. Kwa hiyo leo anayeandika ukurasa wa Mapinduzi akihitaji tanbihi anakimbilia maandishi ya watu wa nje au ya waliohusika wenyewe: kumbukumbu za John Okello zilizochapishwa Nairobi mwaka 1967, au kitabu cha Don Petterson, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwepo Unguja wakati ule, kilichotoka mwaka 2002. Vitabu hivyo vina thamani yake. Lakini Okello ana sababu zake za kusimulia alivyosimulia, na mwanadiplomasia wa wakati wa Vita Baridi anaona anachotumwa kukiona. Ukurasa ulio juu yao hauwezi kuwa mpana kuliko wao.

Ukimya huo haukuisha upesi. Gazeti la Dira, linalohesabiwa kuwa gazeti binafsi la kwanza la habari Zanzibar tangu Mapinduzi, lilitoka mwishoni mwa 2002 chini ya mhariri Ali Nabwa. Novemba 2003 serikali ikalifungia. Karibu miaka arubaini ya kungoja, kisha mwaka mmoja wa gazeti. Sheria iliyotawala wakati huo, Sheria ya Usajili wa Wakala wa Habari, Magazeti na Vitabu Na. 5 ya 1988, inaipa serikali mamlaka makubwa juu ya nani achapishe, na jumuiya za wanahabari za Zanzibar zimekuwa zikidai kwa miaka mingi ibadilishwe. Watu huzungumza juu ya sheria kama hiyo kama jambo la leo na kesho: habari gani itatoka wiki hii, mhariri gani ataitwa. Mimi naona madhara yake makubwa zaidi yako mbele. Kila habari isiyoandikwa mwaka huu ni tanbihi itakayokosekana miaka hamsini ijayo, na mtafiti wa wakati huo hatakuwa na njia ya kuirudia.

Matokeo yake yanaonekana wazi kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Ina makala zaidi ya 70,000, na kwa lugha ya Kiafrika hiyo ni hazina ambayo watu wachache waliojitolea wanastahili kushukuriwa kwayo. Lakini fungua ukurasa wa kata au kijiji, na mara nyingi utakuta sentensi mbili au tatu: wilaya, mkoa, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Chini yake kuna tangazo linalosema makala hii bado ni mbegu, na kumwomba msomaji aongeze historia, biashara na utamaduni wa mahali, au achungulie toleo la Kiingereza kama kuna kitu kinachofaa kutafsiriwa. Ombi hilo ni la nia njema, lakini linaonyesha hali ilivyo: mtu wa Unguja aende kwenye Kiingereza kutafuta habari za kijiji chake mwenyewe. Google iliwahi kuendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, mwaka 2009 hadi 2010, ili waongeze makala za Kiswahili kwa zawadi. Makala ziliongezeka kwa mamia, lakini wengi wa walioandika hawakuonekana tena shindano lilipokwisha. Kompyuta na zawadi hazikutosha, kwa sababu mwandishi wa kamusi elezo asiye na magazeti ya kunukuu hana la kufanya isipokuwa kutafsiri. Makunduchi wapo wazee wanaoijua sherehe ya Mwaka Kogwa tangu utoto wao, kila mwezi wa Julai, kila kibanda kilichochomwa na kila wimbo ulioimbwa. Ushahidi wao hauingii kwenye kamusi elezo hata kidogo mpaka mtu mmoja akae nao, awasikilize, aandike, na achapishe mahali panapoweza kutajwa. Mtu huyo kwa kawaida ni mwandishi wa habari.

Atatokea wa kuniambia kwamba nakuza jambo la kawaida, kwani magazeti yenyewe yamekuwa yakinyofoa habari za wengine tangu zamani. Ni kweli, na Unguja ni mfano mzuri. Waya wa simu ya maandishi wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, na Gazette ya serikali iliyoanza mwaka 1892 ilichapisha simu za Reuters zilizoletwa na waya huo. Msomaji wa Mji Mkongwe alijua yaliyotokea London kabla ya kujua yaliyotokea Kizimkazi. Lakini tofauti mbili ni muhimu. Kwanza, habari za Reuters zilikuwa bidhaa iliyouzwa. Aliyezichapa alijulikana na aliyezitafuta alilipwa. Pili, kunyofoa hakukuwa kazi pekee iliyofanyika kisiwani. Miaka minne kabla ya Gazette, mwaka 1888, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walianza kuchapa Msimulizi katika chuo chao cha Kiungani, gazeti la Kiswahili ambalo habari zake zililetwa kwa barua na walimu Waafrika kutoka vituo vya mbali, Bonde hata Masasi na Newala. Lilikuwa gazeti la kanisa, lenye mipaka ya kanisa. Hata hivyo lilikuwa na watu mahali, wanaoandika walichokiona, kwa lugha yao. Mwanahistoria wa leo anaweza kulinukuu. Kunyofoa hakudhuru pale wapo wanaozalisha. Kunadhuru pale wanyofoaji wanapoongezeka na wazalishaji wakipungua, na hapo ndipo tulipo.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi: wanahabari wenyewe sasa wanakula kutoka kwenye kamusi elezo, basi kwa nini tuwaite chanzo? Hili nalikubali bila kinyongo, na linanitia wasiwasi. Mwaka 2009, alipofariki mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre, mwanafunzi mmoja wa Dublin aliweka maneno ya kubuni kwenye ukurasa wake wa Wikipedia, kana kwamba yalitoka kinywani mwa marehemu. Magazeti kadhaa, likiwemo The Guardian la Uingereza, yaliyachapa katika tanzia zao. Wahariri wa kamusi elezo waliyaondoa kwa kukosa tanbihi. Wanahabari hawakuwa wameuliza. Na hatari ya mzunguko huo ni kwamba gazeti likishachapa kosa, kamusi elezo inaweza kulirudisha ndani, safari hii likiwa na tanbihi. Kwetu kuna mfano ulio karibu. Mwimbaji Bi Kidude alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, vyombo vya habari vya dunia vilikuwa na hamu ya kuutaja umri wake, na havikukubaliana. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Mwenyewe aliueleza umri wake kwa kurejea enzi ya rupia. Ukweli uliokuwepo ulikuwa "inakadiriwa zaidi ya miaka mia moja, haijulikani hasa", na huo ndio ulipaswa kuandikwa. Badala yake vyombo vingine vikachukua namba kutoka kwa vyombo vingine. Kukatika kwa mzunguko kama huo kunahitaji mtu mmoja anayekataa kunakili, akaenda Rahaleo kwa jamaa na majirani, akauliza, na akawa na ujasiri wa kuandika kwamba jibu halipo. Udhaifu wa wanahabari wanaonakili hauifanyi kazi ya kuuliza isihitajike. Unaonyesha jinsi ilivyo adimu.

Wako pia wanaosema kwamba siku hizi kila mtu ni mwandishi, kwa kuwa kila mtu ana simu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na moja ya fahari za Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, iliporomoka ikiwa katika matengenezo. Picha za simu zilienea kabla vumbi halijatulia, na zilikuwa na thamani kubwa, zilionyesha kilichotokea. Lakini watu wawili walikufa pale. Sehemu nyingine ya jengo hilo ilikuwa imeanguka mwaka 2012, kwa hiyo onyo lilikuwepo. Nani alisimamia kazi, fedha za matengenezo zilizotoka Oman zilitumikaje, wataalamu walisema nini baada ya 2012 na nani aliwasikiliza: maswali hayo hayajibiwi na simu iliyoinuliwa Forodhani. Yanahitaji mtu wa kusoma mikataba, kuwafuata mafundi, kungoja nje ya ofisi ambayo haitaki kumpokea, na kurudi kesho yake. Simu inashuhudia dakika moja, na dakika hiyo ikishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp inapotea. Kamusi elezo yenyewe, kwa kanuni zake, haiwezi kuinukuu.

Na kazi hiyo ina gharama ambayo haionekani kwenye skrini. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, na wa marudio ukapangwa kufanyika tarehe 20 Machi 2016. Siku chache kabla ya marudio, Salma Said, aliyeziripotia Deutsche Welle na Mwananchi kutoka Zanzibar, alitekwa Dar es Salaam na kushikiliwa kabla ya kuachiwa. Msomaji anayefungua leo ukurasa wa uchaguzi ule anaona tarehe, asilimia na tanbihi ndogo chini. Hiyo tanbihi ndogo ni watu wa namna hiyo. Nasikitika kila ninapoona habari zao zimekusanywa katika programu bila jina la aliyeandika, kana kwamba zilijiandika.

Sasa fedha. Australia ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuyalazimisha majukwaa makubwa yajadiliane malipo na wachapishaji. Canada ikafuata mwaka 2023. Matokeo ya Canada yanafundisha: Google ilikubali kutoa dola milioni 100 za nchi hiyo kwa mwaka, lakini Meta iliondoa habari kabisa kwenye Facebook na Instagram nchini humo. Wapo wanaotaka Tanzania ifuate njia hiyo. Sipingi kanuni yake. Anayefaidika na kazi ya mtu amlipe. Ninachoona ni kwamba malipo ya namna hiyo hufuata wingi wa wasomaji na nguvu ya soko, na Zanzibar kwa sensa ya 2022 ina watu 1,889,773 tu. Fedha zikija zitatua kwanza kwenye kampuni kubwa za Dar es Salaam na Nairobi. Na hata hizo si salama: Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni inayochapisha Mwananchi na The Citizen, kwa sababu ya katuni fupi ya video iliyoonekana kuikosoa serikali. Hakuna mkataba na Google unaoweza kumlinda mchapishaji na hilo. Mtu anayesema tatizo la wanahabari wetu ni majukwaa ya Marekani peke yake anaacha nusu ya hadithi.

Ninalolipendekeza linaanzia nyumbani na halihitaji idhini ya California. Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani zinahifadhi magazeti ya kisiwa ya zaidi ya karne moja. Magazeti ya serikali na ZBC, mrithi wa Sauti ya Tanzania Zanzibar na Televisheni ya Zanzibar, yana habari zilizolipiwa na wananchi. Habari hizo zikiwekwa mtandaoni kwa anwani isiyobadilika, zikiwa na tarehe, jina la mwandishi na ruhusa ya kunukuliwa, mhariri wa Wikipedia aliyepo Fuoni au Muscat atakuwa na cha kuweka kwenye tanbihi kwa Kiswahili. Wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaweza kupewa kazi ya kuziorodhesha, na kila mmoja akatumwa shehia moja kuandika habari ambayo haijawahi kuandikwa. Kuna atakayesema kwamba habari za vyombo vya serikali zina upande, hazifai kuwa msingi. Mwongozi na Afrika Kwetu nayo yalikuwa na upande. Dawa ya chanzo chenye upande ni vyanzo vingi vilivyo wazi, ambavyo msomaji anaweza kuvipambanisha, na ndiyo sababu uhuru wa gazeti binafsi kusajiliwa na kubaki hai hauwezi kutenganishwa na suala la kumbukumbu.

Sheria ya 1988 ilitungwa wakati gazeti lilikuwa karatasi, na neno mtandao halikuwa na maana tunayoipa leo. Itakapobadilishwa, mjadala mkubwa utakuwa juu ya usajili na adhabu, na ni haki iwe hivyo. Lakini iwekwe pia ibara inayokitaka kila chombo cha habari cha umma kihifadhi kile kilichokitangaza na kukiacha wazi kwa yeyote, na inayokataza habari iliyokwisha kuchapishwa isifutwe kimyakimya. Ikikosewa, isahihishwe na sahihisho lionekane. Serikali ya chama chochote inaweza kuishi na ibara hiyo. Familia za wale watu 1,370 waliopotea Nungwi pia zina haki nayo, kwani kwa wengi wao hakuna kaburi, na huenda jina la mtu wao halipo kwenye ukurasa wowote unaoweza kufunguliwa.